Chura wa nchi kavu: namna ya kumtaja mnyama anayejifukia

Mwezi wa Agosti, mtu anayepita katika tambarare zilizo kati ya Dodoma na Bahi huona udongo uliopasuka, nyasi zilizogeuka rangi ya mchanga na mibuyu isiyo na jani. Hakuna dimbwi, wala hakuna mlio wa chura. Miezi minne baadaye, baada ya mvua kubwa za mwanzo, mahali pale pale hujaa maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, na usiku mmoja hutosha kupajaza sauti. Vyura hao hawakusafiri kutoka mto wa mbali, wala hawakudondoka pamoja na mvua kama wasemavyo baadhi ya wasimulizi. Walikuwapo muda wote, chini ya nyayo za wapita njia.

Mnyama huyo ana mengi ya kumfundisha mtumiaji wa lugha. Maneno yanayohitajika ili kumweleza ni ya kawaida: chura, fukia, masika, kiangazi, usingizi, dimbwi. Hata hivyo, kila moja lina mtego wake, na mfasiri au mwalimu asiyeuona mtego huo anaweza kuandika sentensi iliyo safi kisarufi lakini inayosema kinyume cha ukweli. Makala haya yanayapitia maneno hayo moja baada ya jingine, pamoja na maisha ya mnyama mwenyewe.

Neno «chura» na upatanisho wake

Kwa umbo lake, chura ni nomino ya ngeli ya KI-VI. Kiambishi ki- kinapokutana na irabu u hugeuka kuwa ch-, na kiambishi vi- hugeuka kuwa vy-. Ndiyo maana wingi wake ni vyura. Asili hiyo huonekana wazi katika lugha dada. Wakikuyu humwita mnyama huyo kiũra, ambamo kiambishi cha kale kingali kinasikika, na Wachewa humwita chule.

Kwa upatanisho, hata hivyo, chura huingia katika ngeli ya A-WA kwa sababu ni kiumbe mwenye uhai. Husemwa chura huyu amejifukia, vyura hawa wamejifukia, na si chura hiki kimejifukia wala vyura hivi vimejifukia. Hali ni ile ile ya kifaru na kiboko, ambao hubeba umbo la KI-VI huku wakipatanishwa kama viumbe hai. Makosa mawili hujitokeza mara kwa mara katika maandishi ya wanafunzi. La kwanza ni kuuacha wingi na kuandika chura wengi badala ya vyura wengi. La pili ni kudhani kwamba kila jina la mnyama linaloanza kwa ch- lina wingi wa vy-. Chui na chatu hawamo katika kundi hili: wingi wake ni chui na chatu vilevile, kwa kuwa ch- yao ni sehemu ya mzizi wa neno.

Mtoto wa chura huitwa kiluwiluwi au ndubwi. Kwa kuwa kiluwiluwi hutumika pia kumtaja mtoto wa mbu anayeishi majini, mwandishi wa matini ya sayansi anayezungumzia dimbwi lenye viumbe wote wawili hana budi kufafanua: viluwiluwi wa chura, viluwiluwi wa mbu. Katika dimbwi la Dodoma la mwezi wa Januari ufafanuzi huo si wa anasa, maana wote wawili huweza kuwamo humo kwa wakati mmoja.

«Majini na nchi kavu»: fasili inayopungua

Darasani, chura huelezwa kuwa mnyama anayeishi majini na nchi kavu. Maelezo hayo ni tafsiri iliyozoeleka ya istilahi amfibia, yenye asili ya Kigiriki: amphi, yaani pande mbili au namna mbili, na bios, yaani maisha. Msomaji makini ataona kwamba Kigiriki kinataja maisha mawili, na hakitaji mahali pawili. Tafsiri iliyozoeleka imegeuza habari ya maisha kuwa habari ya makazi.

Kwa chura wa kandokando ya mto, ugeuzaji huo hauleti taabu. Kwa chura wa uwanda wa kati, unaleta. Sehemu kubwa ya mwaka mnyama huyu hayumo majini, kwa kuwa maji hayapo. Wala hayuko juu ya nchi kavu, kwa kuwa jua na upepo vingemkausha. Yumo ndani ya udongo. Maisha yake mawili hutenganishwa na wakati zaidi ya mahali: kuna maisha ya mvua na kuna maisha ya ukame.

Tanzania ina mfano mwingine unaoonyesha udhaifu wa fasili hiyo kutoka upande wa pili. Vyura wadogo wa Kihansi, ambao mtu mzima wao ana urefu wa takriban sentimita mbili tu, walikuwa wakiishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi katika milima ya Udzungwa. Waligunduliwa mwaka 1996, wakatangazwa mwaka 2009 kuwa wametoweka katika mazingira yao ya asili, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kutoka vizazi vilivyotunzwa Marekani. Wao hawatagi mayai majini wala hawapitii hatua ya kiluwiluwi anayeogelea; huzaa watoto walio vyura kamili. Nchi moja, basi, ina chura asiyeweza kukaa mbali na manyunyu na chura anayeweza kukaa miezi mingi bila kuona tone. Fasili inayojengwa juu ya makazi pekee haiwatoshi wote wawili.

Mnyama mwenyewe

Vyura wanaojifukia ni wa jamii nyingi, na si wote wenye nasaba ya karibu. Anayejulikana zaidi katika maeneo makavu ya kusini na mashariki mwa Afrika ni yule wa jenasi ya Pyxicephalus. Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, kijaluba na kichwa, nalo linamfaa mnyama mwenye kichwa kipana na kizito kama kasha. Spishi mbili zinazotajwa sana ni Pyxicephalus adspersus, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1838, na Pyxicephalus edulis, ndogo kuliko ya kwanza, iliyoelezwa mwaka 1854 kutoka Msumbiji. Neno edulis ni la Kilatini na maana yake ni «wa kulika», kwa kuwa zipo jamii za watu zinazomla chura huyo.

Dume la Pyxicephalus adspersus huweza kufikia urefu wa sentimita 20 na kupita, na uzito wa zaidi ya kilo moja. Jambo lisilo la kawaida kwa vyura ni kwamba dume ndiye mkubwa kuliko jike. Taya la chini lina vinundu vya mfupa vinavyofanana na meno, na mnyama huyu hung'ata kwa nguvu. Hula wadudu, panya, mijusi, ndege wadogo, na hata vyura wenzake.

Katika kisigino cha kila mguu wa nyuma ana kinundu kigumu chenye ukingo mkali, mfano wa jembe dogo. Ardhi inapoanza kukauka, chura hukaa juu ya udongo ambao bado una unyevu na kuusukuma pembeni kwa miguu hiyo ya nyuma, huku akizama kinyumenyume. Haingii kwa kichwa. Hushuka kwa makalio, uso wake ukiwa wa mwisho kufunikwa. Akishafika kina kinachomfaa, hutulia. Ngozi yake ya nje hujibandua tabaka baada ya tabaka, lakini tabaka hizo hazidondoki. Hushikamana na kumzunguka mwili mzima kama kifukofuko, zikiacha matundu ya pua tu. Kifukofuko hicho hupunguza sana upotevu wa maji. Mwili nao hupunguza kazi zake, moyo hupiga polepole, na maji yaliyo katika kibofu cha mkojo huwa akiba. Katika hali hiyo chura huweza kukaa miezi mingi, na ikibidi zaidi ya mwaka, akingoja mvua ya kutosha.

Mvua kubwa inapolowesha udongo hadi alipo, hupasua kifukofuko, mara nyingi hukila, na kupanda juu. Kuanzia hapo kila kitu hufanyika kwa haraka. Madume hukusanyika katika maji ya kina kifupi na kulia kwa sauti nzito. Hupigana, na majike huwaendea. Jike mmoja huweza kutaga mayai elfu kadhaa. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili hivi, na viluwiluwi hugeuka vyura wadogo katika muda wa wiki tatu hadi tano, kwa kuwa dimbwi halitangoja zaidi ya hapo.

Dume hubaki akilinda viluwiluwi. Mwaka 1989 watafiti wa kusini mwa Afrika walichapisha maelezo ya tabia yake ya kuchimba mfereji: dimbwi dogo lenye viluwiluwi linapokaribia kukauka, dume hulima njia ya maji kwa miguu na mwili wake hadi kwenye dimbwi kubwa zaidi, na viluwiluwi hupita humo. Mnyama anayedhaniwa na wengi kuwa bonge la nyama lisilo na akili hufanya kazi ya fundi wa umwagiliaji.

Si kila chura anayejifukia hufanya kwa mtindo huo. Hemisus marmoratus, anayeishi katika savana za sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania ikiwamo, ana pua ngumu iliyochongoka, naye huingia ardhini kwa kutanguliza kichwa. Jike wa spishi hii hutengeneza chumba katika udongo wenye unyevu karibu na dimbwi, hutaga humo, na kukaa na mayai hadi yanapoanguliwa. Tofauti hii ni muhimu kwa mfasiri. Kuandika «chura hutoboa ardhi kwa pua» ni sahihi kwa Hemisus na ni kosa kwa Pyxicephalus.

Kuhusu majina, tahadhari moja inahitajika. Kiingereza humfananisha Pyxicephalus na fahali kwa sababu ya sauti na umbo lake, lakini jina hilo hilo hutumiwa kwa chura mkubwa wa Amerika Kaskazini, Lithobates catesbeianus, ambaye ni mnyama wa mabwawa ya kudumu na hana nasaba ya karibu na huyu. Mfasiri akiandika chura-fahali bila maelezo, msomaji hatajua ni yupi. Njia salama ni kutaja jina la kisayansi mara ya kwanza, kisha kuendelea kwa maelezo ya Kiswahili kama chura mkubwa anayejifukia.

«Fukia» na «fukua»

Wanafunzi wengi hutumia kitenzi chimba kwa kila tendo linalohusu shimo. Kiswahili kina upana zaidi ya huo. Chimba ni kutoa udongo ili shimo lipatikane: kuchimba kisima, kuchimba msingi. Fukia ni kurudisha udongo ili kufunika au kujaza: kufukia shimo, kufukia mbegu. Fukua ni kuondoa udongo uliofunika kitu ili kitu hicho kionekane: kufukua viazi.

Fukia na fukua ni jozi ya maneno ya mzizi mmoja yenye maana zinazopingana. Kiishio -ua kina kazi ya kutendua, kama katika ziba na zibua, funga na fungua. Kikiongezwa kiambishi cha kujirejea ji-, hupatikana jifukia na jifukua.

Kwa chura wa uwanda wa kati, vitenzi hivi viwili hutosha kusimulia mwaka mzima: ukame ukiingia hujifukia, mvua zikianza hujifukua. Kusema kwamba chura huyu huchimba shimo si kosa kubwa, lakini hakueleweki vizuri, kwa sababu hakuna shimo linalobaki. Udongo humrudia juu ya mgongo kadiri anavyoshuka, na juu ya ardhi hapaonekani mlango wowote. Panya buku huchimba shimo na kuishi ndani yake, chura hujifukia. Tofauti hiyo inaeleza kwa nini mtu anaweza kulima shamba miaka mingi bila kujua ni wangapi waliomo chini yake.

Masika, vuli na kiangazi: mtego mkubwa kuliko yote

Majina ya misimu yaliyomo katika kamusi nyingi yamejengwa juu ya mwaka wa pwani. Pwani kuna mvua za masika, takriban Machi hadi Mei. Kipupwe cha Juni hadi Agosti. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba. Na kiangazi, ambacho ni kipindi cha jua kali kati ya Desemba na Machi, pepo za kaskazi zinapovuma.

Dodoma haina mwaka huo. Ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na wastani wa mvua ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Miezi iliyobaki ni mikavu. Januari, ambayo katika kamusi ya pwani imo ndani ya kiangazi, Dodoma ni mmojawapo wa miezi yenye mvua nyingi. Na Agosti, ambayo pwani huitwa kipupwe, Dodoma ni katikati ya ukame.

Sasa mwalimu aseme: «Chura huyu hulala ardhini wakati wa kiangazi.» Mwanafunzi wa Dodoma anayeita kiangazi miezi ya Mei hadi Novemba atamwelewa vyema, na atakuwa sahihi. Mwanafunzi anayefuata kalenda ya pwani ataelewa kwamba chura hulala Januari, yaani katika mwezi ule ule ambao yuko nje, analia, anapigana na kuzaa. Sentensi ni moja, nayo ni kweli kwa mmoja na uongo kwa mwingine.

Mtego hauishii hapo. Maandishi mengi ya kitaalamu kuhusu Pyxicephalus yametoka Afrika Kusini. Huko, katika nyanda za juu za ndani, mvua hunyesha katika majira ya joto, takriban Oktoba hadi Machi, na majira ya baridi ndiyo makavu. Wafasiri wamezoea kuyaita majira ya joto ya nchi za mbali kiangazi. Kwa mazoea hayo hupatikana sentensi kama hii:

«Chura hawa hulala wakati wa baridi na hutoka kwa mvua za kiangazi.»

Kwa msomaji wa Dodoma, «mvua za kiangazi» ni maneno yanayokataana, kwa kuwa kiangazi ni wakati usio na mvua. Mzizi wa neno lenyewe unahusiana na angaza: ni wakati wa mwanga na jua tupu. Aidha, upatanisho umepotoka, kwani wingi ni vyura. Sentensi hiyo inaweza kurekebishwa hivi:

«Vyura hawa hujifukia katika miezi ya ukame, na hujifukua mvua kubwa za mwanzo wa msimu zinaponyesha.»

Kanuni inayopendekezwa ni nyepesi. Panapohusika joto na baridi, na hasa kwa nchi zilizo mbali na ikweta, yatumike majira ya joto na majira ya baridi. Panapohusika mvua na ukosefu wake, yatumike msimu wa mvua na msimu wa ukame, na majina ya miezi yatajwe palipo na shaka. Masika, vuli na kiangazi ni maneno mazuri yasiyopaswa kuachwa, lakini mwandishi aseme ni ya wapi.

Je, ni usingizi?

Hali ya chura aliyejifukia huelezwa mara nyingi kuwa usingizi. Neno hilo linakubalika kwa maana ya mfano, mradi msomaji aelewe kwamba si usingizi wa usiku. Anayelala usiku huamka akisukumwa au akiitwa. Chura aliye ndani ya kifukofuko amepunguza matumizi ya hewa, maji na nguvu kwa kiwango ambacho mlalaji wa kawaida hawezi kukifikia.

Sayansi ya Ulaya ina istilahi mbili zenye asili ya Kilatini kwa hali za namna hii, moja ikitokana na neno la majira ya baridi na nyingine ikitokana na neno la majira ya joto. Zote mbili zilizaliwa katika nchi ambazo mwaka hugawanywa kwa joto na baridi. Mfasiri akimwekea chura wa Dodoma usingizi wa majira ya baridi, atakuwa ameleta sababu isiyokuwapo. Usiku wa Juni na Julai huko una baridi, ni kweli, lakini baridi siyo inayompeleka chura chini. Ni ukosefu wa maji. Istilahi inayosema ukweli huo bila kumzungusha msomaji ni usingizi wa ukame. Haimlazimishi msomaji kujua Kilatini, wala haimpeleki katika kalenda ya mtu mwingine.

Dimbwi, lambo na bwawa

Mahali pa kuzaliana pa chura huyu nako kunahitaji neno lililochaguliwa kwa uangalifu. Bwawa ni maji mengi yaliyokusanyika, mara nyingi nyuma ya ukuta uliojengwa, kama Mtera au Hombolo. Lambo ni hifadhi ya maji iliyochimbwa, hasa kwa ajili ya mifugo. Dimbwi ni maji ya mvua yaliyotuama katika bonde dogo, nayo hukauka yenyewe. Chura anayejifukia hutegemea dimbwi. Katika maji ya kudumu wamo samaki wanaoweza kula mayai na viluwiluwi. Dimbwi la muda halina samaki, na hiyo ndiyo faida inayofidia hatari ya kukauka.

Neno mbuga nalo lina maana mbili zinazoweza kugongana. Leo watu wengi wakisikia mbuga hufikiria hifadhi ya wanyama. Katika matumizi ya bara, mbuga ni pia tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa ukame. Sentensi «vyura hawa huzaliana mbugani» inaweza kumfanya msomaji wa mjini afikirie tembo na magari ya watalii, ilhali mwandishi alikusudia uwanda wa matope ulio nyuma ya kijiji.

Uchaguzi wa maneno haya una matokeo nje ya daftari. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu ya nchi, na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa kasi mwaka 2016 na mji huo kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, ardhi nyingi imepimwa na kujengwa. Dimbwi la muda halionekani kuwa dimbwi kwa miezi saba ya mwaka. Mpimaji akifika Septemba, ataliona kuwa kiwanja kitupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na ripoti za tathmini husomwa na kufasiriwa. Hapo mfasiri hukutana na tofauti ndogo yenye uzito mkubwa: hawapo na hawakuonekana. «Vyura hawapo katika eneo hili» ni dai kuhusu ulimwengu. «Vyura hawakuonekana katika eneo hili mwezi wa Septemba» ni taarifa ya yale yaliyotazamwa. Kwa mnyama anayekaa chini ya udongo zaidi ya nusu ya mwaka, sentensi ya pili tu ndiyo inayoweza kutetewa. Mfasiri anayeziunganisha mbili hizo kuwa moja amewafuta vyura wote wa dimbwi kwa kitenzi kimoja.

Methali

Methali inayofahamika zaidi kuhusu mnyama huyu ni «Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji». Wengine humtaja tembo mahali pa ng'ombe. Hutumiwa kumtia moyo mtu anayesemwa vibaya aendelee na shughuli yake: mwenye lengo hababaishwi na maneno ya wapinzani. Katika methali hii chura ni mfano wa mpiga kelele asiye na uwezo wa kuzuia jambo.

Mwalimu anaweza kuwaomba wanafunzi waitazame picha hiyo kutoka uwanda wa kati. Katika nchi ya wafugaji yenye msimu mmoja wa mvua, sauti za vyura ni dalili kwamba maji yapo. Ng'ombe hazuiwi na kelele hizo. Mchungaji asiyejua njia huweza hata kuelekezwa nazo. Maana ya methali haibadiliki, na mtumiaji asiipindue katika insha, lakini zoezi hilo huonyesha kwamba picha iliyomo katika methali ina mahali ilipozaliwa, na kwamba msikilizaji wa mahali pengine huweza kuona ndani yake jambo la ziada.

Jina la Dodoma na fasili inayopendekezwa

Simulizi inayojulikana sana kuhusu asili ya jina Dodoma husema kwamba tembo alikuja kunywa maji akazama katika matope asiweze kutoka, na Wagogo waliomwona wakasema idodomya, yaani amezama. Kiswahili kina didimia na titia kwa tendo la namna hiyo: kushuka polepole ndani ya kitu laini kwa uzito wa mwili. Vitenzi hivyo humfaa tembo, ambaye hakutaka kushuka. Havimfai chura. Yeye hashushwi na matope. Hujishusha, kwa wakati anaouchagua, na hupanda tena. Ndiyo sababu jifukia, chenye kile kiambishi ji-, ndicho kitenzi chake.

Kwa mwalimu anayehitaji maelezo mafupi ya kuandika ubaoni, yafuatayo yanaweza kumfaa:

Chura (wingi vyura, upatanisho a-/wa-): mnyama asiye na mkia anapokuwa mzima, mwenye ngozi laini au yenye vinundu na miguu ya nyuma yenye nguvu, ambaye uhai wake hutegemea unyevu. Wengi hutaga majini na huanza maisha wakiwa viluwiluwi. Baadhi, hasa wa maeneo makavu, hujifukia ardhini katika miezi ya ukame na hujifukua mvua zinaponyesha.

Sentensi ya mwisho huongeza mstari mmoja tu katika daftari. Mwanafunzi wa Dodoma aliyewahi kusikia dimbwi likilia usiku wa Desemba, mahali alipocheza mpira Septemba, ataitambua.